Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kazi ya Utafiti wa Uchachushaji kwa Bakteria Jijini Dar es Salaam

Kwa miaka kadhaa wanafunzi wa sekondari na vyuo, pamoja na wazazi wao, wamekuwa wakiniuliza maswali yaleyale kila ninapowaeleza kwamba kazi yangu ni kulea bakteria. Nimeyakusanya hapa na kuyajibu kwa kadiri ya uzoefu wangu wa maabara na kiwanda. Majibu hayalingani kwa urefu kwa sababu maswali yenyewe hayalingani kwa uzito.

Mtafiti wa uchachushaji hufanya nini hasa?

Hutafuta bakteria anayeweza kufanya jambo lenye manufaa, kama vile kugeuza sukari ya maziwa kuwa asidi laktiki, kisha huchunguza ni chakula gani, joto gani, hewa kiasi gani na uchachu wa kiwango gani vitakavyomwezesha kulifanya jambo hilo vilevile leo, kesho na mwaka ujao, katika chupa ya mililita 250 na katika tangi la lita 5,000. Neno zito katika sentensi hiyo ni «vilevile». Kuchachusha kitu mara moja ni rahisi, kwani hata uji uliosahauliwa mezani huchacha wenyewe. Kuchachusha mara mia moja na kupata ladha ileile, uzito uleule na idadi ileile ya bakteria hai ndiyo kazi tunayolipwa kuifanya.

Msingi wake uliwekwa mwaka 1857, Louis Pasteur alipoeleza, akiwa Lille nchini Ufaransa, kwamba kinachotengeneza asidi ya maziwa yaliyochacha ni viumbe hai wadogo. Tangu wakati huo uchachushaji kwa bakteria umetoka nje ya jikoni. Insulini inayotengenezwa na bakteria Escherichia coli aliyepandikizwa jeni ya binadamu iliruhusiwa kutumika Marekani mwaka 1982, na gundi inayofanya sosi ya nyanya isijitenge na maji, iitwayo ksanthani, hutengenezwa na bakteria Xanthomonas campestris.

Je, hii si kazi ileile ambayo mama muuza togwa anaifanya kila siku bila digrii?

Swali hili ndilo ninalolipenda kuliko yote, na jibu langu ni kwamba kwa sehemu kubwa ndiyo. Togwa hutengenezwa kwa kupika uji wa mahindi au mtama, kuuacha upoe, kisha kutia kimea, ambacho mara nyingi ni cha ulezi, pamoja na kiasi kidogo cha togwa ya jana kama mbegu. Vimeng'enya vya kimea huikata wanga, na ndiyo maana uji mzito hulegea na kuwa mtamu katika muda mfupi. Baada ya hapo bakteria wa asidi laktiki huila ile sukari na kushusha pH, yaani kipimo ambacho hupungua kadiri uchachu unavyozidi, hadi chini ya 4 kwa muda wa takribani siku moja, kiwango ambacho bakteria wengi wanaosababisha kuhara hawakistahimili. Utafiti uliofanywa na wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, na kuchapishwa mwaka 2003, ulikuta ndani ya togwa bakteria kama Lactobacillus plantarum, ambaye tangu mwaka 2020 jina lake rasmi ni Lactiplantibacillus plantarum, pamoja na Pediococcus pentosaceus, Weissella confusa na aina kadhaa za hamira za asili.

Nilipokuwa nakusanya sampuli za togwa Tandika, nilimwamkia mama mmoja na kumwuliza anajuaje kwamba uji umefikia hatua ya kutiwa kimea. Aliugusa ubavu wa ndoo kwa upande wa nyuma wa mkono na kunijibu: «Mwanangu, ukikuchoma bado. Ukiwa kama maji ya kumwogeshea mtoto, tia.» Kipimajoto changu kilionyesha nyuzi 38. Nilipima ndoo zake kwa siku tano mfululizo, na tofauti kati ya siku na siku haikuzidi nyuzi mbili.

Mtafiti anachoongeza juu ya ujuzi huo ni mambo ambayo mkono hauwezi kuyafikia. Mkono haujui ni nasaba ipi ya bakteria, yaani ukoo upi ndani ya aina moja, iliyotangulia na ipi iliyomalizia, wala hauwezi kuitenga nasaba iliyo bora na kuihifadhi ili mtu wa Mbeya aipate ikiwa hai baada ya mwaka mmoja. Mbegu inayorithishwa kutoka ndoo hadi ndoo hubadilika taratibu, na siku inapoharibika mwenyewe hulazimika kuomba kwa jirani. Hata hivyo siwezi kukubaliana na wenzangu wanaoita ujuzi huo ubahatishaji, kwa sababu mtu anayepima joto kwa mgongo wa mkono na kukosea kwa nyuzi mbili tu habahatishi.

Siku ya kawaida ya kazi ikoje?

Sehemu kubwa ya siku ni kuandaa, kuosha, kutakasa na kuandika. Asubuhi kichupa kidogo chenye mililita moja ya bakteria waliohifadhiwa kwenye gliseroli katika friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri hutolewa, huyeyushwa, na kilichomo hutiwa katika chupa ya mchuzi wa lishe. Bakteria wa chupa hiyo wakishakua huhamishiwa kwenye chombo cha lita tano, na kutoka hapo huenda kwenye kikubwa zaidi, hatua kwa hatua, kwa maana ukiwatia wachache kwenye tangi kubwa watachelewa kuanza kukua na kumwachia nafasi mgeni yeyote aliyejipenyeza. Vyombo vyote hutakaswa kwa mvuke wa nyuzi 121 kwa dakika 15 au zaidi. Kila saa au kila nusu saa tunachukua sampuli, tunapima pH, tunapima ukungu wa mchuzi kwa mwanga wa nanomita 600, tunatazama kwa hadubini na tunanusa. Naomba msomaji asilidharau la kunusa, kwani pua iliyozoea hugundua ugeni katika tangi saa kadhaa kabla ya sahani za petri, ambamo tunaotesha bakteria wa sampuli, kutoa jibu.

Kazi haifuati saa za ofisi. Bakteria wakianza kukua kwa kasi saa nne usiku, basi saa nne usiku ndiyo saa ya kazi.

Kwa nini jambo lililofanikiwa kwenye chupa hushindikana kwenye tangi?

Sababu ya kwanza ni joto. Bakteria wanapokula hutoa joto, na joto hilo hutoka kupitia kuta za chombo. Tangi lenye vipimo mara kumi ya vile vya chupa, yaani kimo na upana, hubeba ujazo mara 1,000, ilhali eneo la kuta zake huongezeka mara 100 tu. Kwa hiyo kila lita ya mchuzi ndani ya tangi ina sehemu ndogo sana ya ukuta wa kupozea kuliko ilivyokuwa ndani ya chupa.

Hapa ndipo jiji letu linapokuwa na mambo yake. Vitabu vingi tunavyosomea viliandikwa na watu ambao wakifungua bomba hupata maji baridi yanayotosha kupoza tangi bila mtambo wowote. Dar es Salaam, maji yaliyoshinda kwenye tangi la juu ya paa mwezi Februari hutoka yakiwa ya uvuguvugu, na huwezi kushikilia mchuzi kwenye nyuzi 30 kwa kuuzungushia maji ambayo nayo yana nyuzi 30. Unalazimika kununua mtambo wa kupoza maji, ambao hula umeme mwingi. Ushauri wangu kwa vijana wanaoanza ni kwamba wachague nasaba zinazopenda joto kabla ya kuchagua mitambo. Bakteria wawili wa mtindi wa kiwandani, yaani Streptococcus thermophilus na Lactobacillus delbrueckii wa jamii ndogo ya bulgaricus, hustawi kwenye nyuzi 42 hadi 43, na katika jiji hili ni rahisi na nafuu zaidi kuwalea hao kuliko wale wa nyuzi 25.

Sababu ya pili ni hewa. Kwa bakteria wanaohitaji oksijeni, kutikisa chupa kunatosha, lakini kwenye tangi hewa lazima isukumwe kutoka chini na kukatwakatwa kwa panga za kukorogea ili viputo viwe vidogo. Mchuzi uliojaa bakteria unaweza kumaliza oksijeni yote iliyoyeyuka ndani yake kwa muda usiofika dakika moja. Ndiyo maana umeme unapokatika, zile sekunde za kusubiri jenereta iwake huwa ndefu mno kwetu, na ndiyo maana pia napendelea tafiti zetu zianzie kwa bakteria wa asidi laktiki, ambao hawahitaji kupuliziwa hewa.

Kuna sababu nyingine kama povu, mchanganyiko usiolingana kati ya juu na chini ya tangi, na muda mrefu wa kutakasa ambao huunguza sukari na kubadili lishe. Hizo hutatuliwa kwa subira na kwa kupanda ngazi ndogondogo za ujazo badala ya kuruka kutoka lita moja hadi lita 1,000. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na nimeona watafiti wazuri waliosifiwa kwa matokeo ya chupa wakaziruka ngazi hizo na kupoteza fedha za mwaka mzima.

Ni nini kinachoharibu kazi mara nyingi zaidi?

Ni wageni. Bakteria mmoja anayegawanyika kila baada ya dakika 20 anaweza, kwa saa nane, kuwa bakteria 16,777,216. Mgeni mmoja akiingia jioni kupitia valvu isiyofungwa vizuri, asubuhi ndiye mwenye nyumba.

Mgeni aliye mgumu zaidi kumtambua si bakteria mwingine bali ni virusi wanaoshambulia bakteria, waitwao bakteriofaji. Katika kiwanda kimoja nilikowahi kufanya kazi, tangi la mtindi lilianza vizuri, pH ikashuka kutoka 6.6 hadi 5.3 kwa saa tatu, kisha ikagoma. Tuliongeza muda, haikushuka. Kwenye hadubini, minyororo ya Streptococcus ambayo kwa kawaida ni mirefu kama shanga ilikuwa imekatikakatika, na kati yake kulikuwa na vumbi la seli zilizopasuka. Nilichukua kiasi cha ule mchuzi nikaupitisha kwenye kichujio chenye matundu ya maikromita 0.45, ambayo bakteria hawapiti lakini virusi hupita, kisha nikadondosha tone la maji yaliyochujwa juu ya sahani iliyopandwa bakteria walewale. Kesho yake asubuhi sahani yote ilikuwa na utando mweupe, isipokuwa pale nilipodondosha tone, ambapo palikuwa na duara safi kabisa, kama mtu aliyefuta kioo kwa kidole.

Chanzo kilikuwa mpira wa maji uliotumika kuoshea pampu ya maji ya maziwa na kisha kupelekwa, bila kutakaswa, kwenye chumba cha kuandalia mbegu. Tulitenganisha vifaa vya vyumba hivyo viwili, tukaanza kutakasa kwa klorini, na tukaweka utaratibu wa kupokezanisha nasaba, ili virusi waliozoea nasaba ya wiki hii wakute wiki ijayo nasaba wasiyoiweza. Mtafiti asiyekagua mipira ya maji na mifereji ya kiwanda chake atalaumu bakteria kwa kosa ambalo si lao.

Je, uchachushaji wote huzalisha pombe? Naweza kuifanya kazi hii bila kukiuka imani yangu?

Uchachushaji wote hauzalishi pombe. Wapo bakteria wanaotoa asidi laktiki karibu pekee, kama wale wa mtindi, na wapo wanaotoa pia gesi ya kaboni dayoksaidi na kiasi kidogo cha ethanoli. Tembo la mnazi ni jambo tofauti, kwani ndani yake hamira hushirikiana na wengine, akiwamo bakteria aitwaye Zymomonas mobilis, mzalishaji hodari wa ethanoli, na likiachwa wazi kwa siku kadhaa bakteria wa asidi asetiki huigeuza ethanoli hiyo kuwa siki. Mtafiti anaweza kukupimia ni kiasi gani cha ethanoli kimo katika kinywaji, lakini hukumu ya kidini ni ya wenye elimu hiyo, na ni vyema kuwapelekea takwimu halisi badala ya maneno ya mitaani. Ninawafahamu watafiti wengi wacha Mungu ambao hawajawahi kugusa kazi ya pombe na hawajawahi kukosa la kufanya.

Nisome nini, na wapi?

Katika kidato cha tano na cha sita, tahasusi zenye kemia na baiolojia, kama PCB na CBG, hufungua njia. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hufundisha mikrobiolojia, baiolojia ya molekuli na bioteknolojia, na pia uhandisi wa kemikali na michakato, ambao kwa maoni yangu hausisitizwi vya kutosha. Chuo Kikuu cha Sokoine hufundisha sayansi na teknolojia ya chakula, na kwa wanaopendelea ufundi wa maabara, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam hutoa mafunzo ya teknolojia ya maabara. Kijana akinitaka nimchagulie, namwambia asome mikrobiolojia huku akijifunza hesabu za uhandisi, au asome uhandisi huku akijifunza kupanda bakteria kwa mikono yake mwenyewe, kwa sababu wanaojua upande mmoja tu ni wengi na wanaojua pande zote mbili hutafutwa.

Ajira zipo?

Zipo, lakini si nyingi, na sitaki kumdanganya mtu. Viwanda vya maziwa na vinywaji huajiri watu wa ubora kwa wingi kuliko watu wa utafiti, na vingi vya maziwa hutumia mbegu kavu zinazoagizwa kutoka nje, jambo linalonisikitisha kila ninapokumbuka utajiri uliomo katika ndoo moja ya togwa ya Tandika. Maabara za vyuo vikuu, za Shirika la Viwango Tanzania, ambalo tangu Julai 2019 ndilo linalosimamia pia usalama wa chakula, na za Mkemia Mkuu wa Serikali, huhitaji watu wenye ujuzi wa vijidudu. Huko Mwanza, mtindi uitwao Fiti, wenye bakteria Lactobacillus rhamnosus nasaba ya GR-1, ulianzishwa mwaka 2004 kwa ushirikiano wa kina mama wa huko, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu na chuo kikuu kimoja cha Kanada, na hadi leo ni mfano ninaoupenda wa sayansi iliyokabidhiwa kwa watu.

Mfano mkubwa zaidi wa uchachushaji kwa bakteria uko jirani kabisa na Dar es Salaam, na wengi hawaufahamu. Kibaha, mkoani Pwani, kuna kiwanda kilichojengwa kwa teknolojia ya Kuba na kuzinduliwa mwaka 2015, ambacho hulea bakteria Bacillus thuringiensis israelensis na Bacillus sphaericus katika matangi makubwa kwa ajili ya kuua viluwiluwi vya mbu. Huyo wa kwanza aligunduliwa mwaka 1976 katika jangwa la Negev. Anapotengeneza mbegu zake za kujihifadhi hutengeneza pia fuwele za protini, na kiluwiluwi akizila, protini hizo hutoboa utumbo wake, ilhali binadamu na samaki hawadhuriki. Jiji letu lilianza mwaka 2004 mpango wa kudhibiti malaria mjini uliotumia bakteria wa aina hii kwenye madimbwi na mifereji. Kijana wa Msimbazi au Jangwani anayejua mbu wa kwao wanazaliana kwenye maji gani ana jambo la kuuchangia utafiti huo ambalo mtaalamu wa mbali hana.

Je, ni kazi ya hatari?

Bakteria wa chakula hawana hatari kubwa kwa mtu mwenye afya. Hatari za kweli ni mvuke, shinikizo, magadi makali ya kuoshea matangi, na gesi ya kaboni dayoksaidi inayotuama ndani ya tangi tupu. Usiingie ndani ya tangi peke yako, hata kwa dakika moja, hata mkubwa wako wa kazi akikuhimiza.

Nikigundua bakteria mzuri kwenye mbegu ya mtu, ni mali ya nani?

Swali hili linahitaji kuulizwa kabla ya sampuli kuchukuliwa, si baada ya fedha kupatikana. Mkataba wa Budapest wa mwaka 1977 umeweka utaratibu wa kukabidhi bakteria kwenye hifadhi inayotambulika pale mtu anapoomba hataza, na Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 inataka manufaa yagawanywe na wale ambao rasilimali za kijenetiki zimetoka kwao. Kwa upande wangu, mama wa Tandika aliandikiwa karatasi ya Kiswahili inayoeleza nilichochukua na ninachokusudia kukifanya, akaisomewa na binti yake, akaweka saini, na nakala ikabaki kwake. Nasaba zote zilizotoka kwenye ndoo yake zina herufi za jina lake kwenye kichupa.

Naweza kuanzaje nikiwa bado mwanafunzi, sina maabara?

Chemsha lita moja ya maziwa, yaache yapoe hadi nyuzi 43 kwa kipimajoto, tia vijiko viwili vya mtindi mpya usio na sukari, koroga, mimina kwenye chupa ya chai iliyooshwa kwa maji yanayochemka, kisha funga. Onja na kuandika baada ya saa nne, saa sita na saa nane. Rudia wiki ijayo kwa joto lilelile, na wiki inayofuata badili kitu kimoja tu. Yakitoa rangi au harufu isiyo ya kawaida, usionje, mwaga, na uandike ulichokiona. Wanafunzi wanaokuja kuomba mafunzo kwa vitendo huniletea vyeti, nami huvisoma, lakini kwanza huwauliza kama wana daftari. Mwaka jana binti mmoja kutoka Mbagala alileta daftari lenye majaribio 14, matano kati yake yakiwa yameharibika, na pembeni ya kila lililoharibika ameandika saa umeme ulipokatika na alichokuwa amekigusa kabla ya kufunga chupa. Alianza kazi Jumatatu iliyofuata.